Mche wa Ta Novatus

Ta Novatus Rwegasira aliomba ini lake la pili lizimwe asubuhi moja wakati wa uji, kwa sauti ile ile aliyozoea kuombea chumvi. Chumvi alikuwa akinyimwa kila siku, kwa hiyo muuguzi hakushtuka. Alitikisa kichwa akaendelea kumimina. Maneno yalimfikia vizuri akiwa ameshafika kitanda cha mbele, akarudi na birika mkononi.

"Umesemaje, Ta?" aliuliza, kwa lile neno la Kihaya la kumheshimu mzee.

"Nimesema mkamzime yule wa kwenye kioo. Leo hii. Nimechoka naye."

Uji haujapoa, habari ilikuwa imeshapanda ghorofa zote za Taasisi ya Ini, kilimani juu ya mji wa Bukoba, hadi kwenye chumba ambamo Profesa Kemilembe Byabato alikuwa akifungasha maisha yake kwenye maboksi. Zilibaki wiki chache astaafu. Siku hizo kila alichokishika kilimrudisha nyuma: kikombe kilichovunjika mpini, koti jeupe lililogeuka manjano, na kikapu kidogo chenye kifuniko kilichokuwa cha mwalimu wake, marehemu Profesa Rugemalira. Kilikuwa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Alikifungua akanusa. Hakikuwa kimewekwa punje hata moja kwa miaka mingi, lakini yeye angeapa kwamba harufu bado ilikuwamo.

Dokta Adventina aliingia bila kubisha hodi.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba saini yako, tena upesi."

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Hakuna muda wa kukaa."

Profesa alitabasamu kwa huzuni kidogo. Kati ya vijana wote aliowalea katika utafiti, huyu ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote, na ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kukaa kitako. Tangu alipokuja, hajui hata kushika sindano ya kuchukulia kipande cha ini, alikuwa akitembea kama mtu aliyeacha maharage jikoni.

"Ta Novatus amechanganyikiwa," alisema Adventina. "Nimempima mwenyewe sasa hivi. Ukitia saini kwamba akili yake ina ukungu, neno lake la leo halihesabiki, mche wake wa kwenye kioo unabaki. Usipotia, sheria inatutaka tuuzime kabla jua halijazama."

"Na Leonida anayeutegemea?"

"Ndiyo maana nasema upesi."

* * *

Profesa hakuwa mtu wa kutia saini jambo ambalo hajaliona. Waliteremka pamoja hadi kitaluni.

Kitalu kilikuwa chumba chenye joto la mwili wa mtu, na ndani yake miche ilijipanga kwenye rafu, kila mmoja katika kioo chake, kila mmoja na jina la mwenyewe. Mche ulianza na kipande cha ini kidogo kama punje ya mchele, kilichochukuliwa kwa mgonjwa kwa sindano. Kikalishwa, kikabembelezwa, mpaka kikawa ini dogo la kutosha kiganjani. Dawa mpya ilipokuja, mche ndio ulioonja kwanza. Ikiwa sumu, mche uliugua na mwenyewe akasalimika. Hakuna aliyethubutu kuudharau uvumbuzi ule, na Profesa angekuwa wa mwisho, maana alikuwa mmoja wa waliouanzisha.

Mche wa Ta Novatus ulikuwa na maajabu yake. Ini lake la mwilini lilikuwa limejaa makovu, limechoka, haliwezi tena. Lakini mtoto wake wa kwenye kioo, aliposhiba vizuri, alianza kutoa majimaji ya rangi ya asali yaliyolainisha makovu. Hakuna mwingine duniani aliyejulikana kutoa kitu kama kile. Kwa mwenyewe hayakufanya kazi, maana mwili wake ulikuwa umeyazoea. Waliukamua kila asubuhi, ziada kidogo wakaiweka kwenye friji. Majimaji yake yalikwenda kwa Leonida, fundi cherehani wa Kamachumu aliyelazwa kitanda cha jirani, ambaye tumbo lake lililokuwa limejaa maji lilishaanza kunywea. Juzi tu alikuwa ameviona tena vidole vyake vya miguu, akacheka mpaka akalia.

Tatizo ni kwamba mche haukubali kugandishwa; ukigandishwa unasahau kazi yake. Na usipokamuliwa huvimba kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa, ukajisonga kwa majimaji yake wenyewe.

Profesa aligusa kioo, maandishi yakawaka. Mwenye mche: hajambo. Sumu ya damu: hakuna. Akili: safi.

"Adve, kioo kinasema akili yake ni safi."

Adventina aliinamisha macho. "Kioo kinausoma mche, Mwalimu. Mche unalishwa chakula kilichochujwa. Hauna utumbo wa kuuletea sumu."

"Na wiki zote hizi tumekuwa tukiisoma hali ya Ta Novatus hapa."

"Ndiyo."

"Leo, kwa kuwa tunahitaji awe amechanganyikiwa, ndipo mtu amekwenda kumtazama mikono kama inatetemeka."

Wagonjwa wa ini sumu inapoanza kuwapanda kichwani, dalili ya kwanza huwa ni usingizi kugeuka: wanakesha usiku, wanasinzia mchana. Mche haulali, kwa hiyo haukosi usingizi. Walikuwa wameutazama kila siku, kwa bidii na mapenzi, wakapitwa na jambo ambalo mpishi wa wodi angeligundua kwa kuuliza tu.

* * *

Njiani kwenda wodini Profesa alikuwa anatembea na mtu mwingine moyoni.

Zamani, kabla ya vioo, wodi ile ilikuwa na mabenchi ya mbao na harufu ya ndizi zinazotokota, na Profesa Rugemalira alikuwa akiingia na kikapu chake. Sheria yake ilikuwa moja. Hakuna mtafiti kumgusa mgonjwa, wala kumwandika, kabla hajaketi, akatafuna naye punje ya kahawa, akamuuliza, "Umelalaje?" Vijana walicheka chini chini. Lakini kwenye vikao, mtu akiwa amesimama na michoro yake mizuri ukutani, mzee angemkatiza: "Huyu wako wa tatu, analalaje?" Ukikosa jibu, unatolewa nje mbele ya wenzako, uende ukakae na mtu wako, michoro itakusubiri.

Na ile siku ya kwanza! Kemilembe alikuwa binti mwembamba mwenye haraka, akalitafuta ini la mgonjwa kwa kuchimba tumbo kwa vidole mpaka mgonjwa akakunja uso. Rugemalira aliweka mkono wake mkubwa juu ya mkono wa binti. "Usilifuate," alimwambia. "Tuliza mkono. Mwache avute pumzi. Litakuja lenyewe." Mgonjwa akavuta pumzi, na kutoka gizani mwa mwili wa mtu asiyemjua ukingo wa ini ukashuka, ukabisha kwenye ncha za vidole vyake. Alishtuka mpaka akamwambia mgonjwa asante. Sasa, akiwa na mvi zake, aliitamani siku ile.

Ta Novatus alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, macho ya njano. Alikuwa amefundisha kwaya ya parokia kwa miaka mingi, na hadi leo aliwatazama watu kama wanaochelewa kuingia kwenye kiitikio. Profesa alivuta kigoda.

"Shikamoo Ta Novatus."

"Marahaba, Ma Kemilembe. Kumbe bado upo? Nilidhani umeshastaafu, au umekufa. Hawa vijana hawaniambii kitu."

"Nipo nipo. Umelalaje?"

Mzee alimtazama. Macho yale ya njano yalijaa machozi ghafla, bila aibu.

"Hilo swali lilikuwa limepotelea wapi?" aliuliza. "Silali, mama. Usiku nakodoa macho, mchana nasinzia kama paka wa padri."

Alipapasa chini ya mto, akatoa kopo dogo la kahawa ya kutafuna, akampa Profesa punje. Kisha akamtazama Adventina aliyekuwa amesimama na kibao chake cha kielektroniki kifuani.

"Na huyu naye apewe? Hajawahi kukaa."

"Atakaa," alisema Profesa.

Adventina aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akapokea punje, akaitafuna kwa uso wa mtu anayemeza kwinini.

"Ta Novatus, kwa nini unataka mche uzimwe?"

"Kwa sababu wanamsalimia yeye! Wanapita hapa, miguu yao naisikia, wanakwenda kwake. Yeye ndiye anayepimwa, yeye ndiye anayesifiwa. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mimi nipo, Ma Kemilembe. Nipo hapa hapa, na langu halipo."

Kitanda cha jirani, Leonida alikuwa akipinda pindo la kanga. Sindano yake ilisimama.

Profesa alisogeza kigoda karibu zaidi. Kisha akasema kwa upole, "Nioneshe unavyoizuia kwaya isimalize kabla yako."

Mzee aliinua mikono yote miwili, viganja mbele, vidole vimetanuka. Ilikuwa mikono iliyowahi kunyamazisha kanisa zima. Ilisimama hivyo kitambo kidogo, halafu ikaanguka ikainuka, ikaanguka ikainuka, kama mabawa ya kuku aliyeshikwa. Mwenyewe hakuona. Profesa alimpa kalamu achore nyota, na pembe za nyota hazikukutana. Alipomaliza, Ta Novatus aliuliza kama askofu ameshafika, maana watoto wamesimama juani muda mrefu.

Ukungu ulikuwapo. Adventina alishusha pumzi ya nafuu, halafu akaona haya kwa kuishusha.

* * *

Kwenye korido Profesa alichukua kibao akatia saini kwa kidole. Adventina alikaribia kumkumbatia.

"Sasa anzeni kumpa dawa ya kufungua tumbo, sumu imtoke," alisema Profesa. "Na kitaluni mfunge mirija. Hakuna kuukamua mche mpaka azindukane na tumuulize upya."

"Mwalimu! Sheria inaturuhusu tuendelee. Alikubali akiwa na akili zake timamu."

"Na leo amekataa."

"Amekataa akiwa hana akili zake! Hata wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji."

"Uji, sawa. Ini lake anaulizwa."

Adventina aligeuka akautazama ukuta, kisha akageuka tena. "Anaweza kuchukua siku mbili kuzindukana. Mche hautafika."

"Unaweza usifike."

"Kwa hiyo unamuua Leonida kwa ajili ya neno la mtu anayemsubiri askofu."

Lilikuwa neno zito, na Profesa hakulikwepa. Tusimpambe: aliogopa. Aliona mbele yake kazi ya miaka yake ya mwisho, aliona vidole vya miguu vya Leonida, na akatamani Rugemalira atokee mwisho wa korido na kikapu chake amwambie la kufanya. Lakini korido ilikuwa na mfagizi peke yake.

"Mtu akikwambia acha, unaacha kwanza, ndipo unauliza," alisema hatimaye. "Awe mlevi, awe mtoto, awe na ukungu. Sheria ya ukungu iliwekwa imlinde yeye asijidhuru. Haikuwekwa itulinde sisi tuendelee kuchukua. Na lile alilolilalamikia, Adve, mbona halikuwa na ukungu hata kidogo?"

"Basi Leonida mwambie wewe."

"Nitamwambia. Nawe utakuwepo, umekaa."

Leonida hakuhitaji kuelezwa kwa urefu. Aliikunja kanga yake taratibu mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Nimesikia yote," alisema. "Profesa, mimi nina watoto."

"Najua, mwanangu."

"Nikikuomba mkamue, mtakamua?"

"Hapana."

"Basi usiniulize nasemaje."

Akalala, akageukia ukutani. Adventina alibaki ameketi pale, mikono mapajani, hana la kupima wala la kuandika. Alikaa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa popote katika jengo lile.

* * *

Dawa ilifanya kazi yake. Ta Novatus alishinda akikimbilia chooni, akimlaani kila aliyevaa koti jeupe, na Adventina ndiye aliyemshika mkono kwenda na kurudi. Kati ya safari na safari mzee alimsimulia habari za kwaya: mwaka walioshindana Rubya wakashindwa kwa kosa la sauti ya nne, na msichana mmoja wa sauti ya kwanza ambaye aliimba vizuri mpaka padri akasahau mahubiri. Binti huyo ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Adventina alikuwa ameijua chembe kwa chembe damu ya mtu huyu kwa miaka, na hakuwa amejua kwamba aliwahi kuoa.

Kitaluni, mche ulivimba. Kesho yake asubuhi kingo zake zilikuwa nyeusi. Mchana rangi ya asali iligeuka tope, na maandishi kwenye kioo yakajizima yenyewe. Subira huvuta heri, wanasema. Siku ile ilivuta msiba. Adventina alisimama ameweka kiganja juu ya kioo mpaka kikapoa. Profesa alikuwa kando yake.

Asubuhi iliyofuata Ta Novatus aliamka akiwa yeye. Aliinua mikono, ikasimama tuli kama iliyochongwa. Alichora nyota, pembe zote zikakutana, akauliza kama kuna mtihani mwingine au anaweza kupewa chumvi. Halafu akaona macho mekundu ya Adventina.

"Umefiwa, binti?"

Walimwambia. Alisikiliza hadi mwisho, mdomo wazi.

"Mimi? Mimi nilisema azimwe?"

"Ulisema, Ta."

"Sikumbuki. Jamani, mbona nisingesema hivyo! Huyu Leonida si ndiye anayenijazia kopo langu la kahawa? Mngenikamua hata mimi mwenyewe." Aligeuka kwa taabu kuelekea kitanda cha jirani. "Leonida, mwanangu, nisamehe."

Leonida alikuwa bado ameelekea ukutani. Bega lake lilitikisika, basi.

Adventina alimtazama mwalimu wake. Hakukuwa na hasira tena katika macho yale, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. "Umesikia, Mwalimu."

"Nimesikia."

Profesa hakujitetea. Angesema nini? Kwamba alifanya lililo sawa? Alikuwa anaamini hivyo, na mche ulikuwa umekufa vilevile. Rugemalira hakuwahi kumfundisha kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa kitanda kimoja.

Ta Novatus alikuwa akifikiri. "Lakini nilisema kwa sababu gani?"

Ni Adventina aliyejibu. "Ulisema tunamsalimia yeye. Wewe hatukusalimii."

Mzee alilivuta shuka mpaka kifuani.

"Hilo kweli," alisema. "Hilo ningelisema hata na akili zangu, ila ningeona aibu. Mtu mzima kulionea wivu ini!" Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akafungua vifungo vya shati lake la wodi, akalala chali. "Haya, chukueni kingine."

"Si lazima leo, Ta," alisema Profesa.

"Nani kasema lazima? Niulizeni, niwajibu."

Adventina alivuta kigoda, akaketi. Alimuuliza taratibu, bila kibao: kama anajua sindano itauma, kama anajua mche mpya utachukua mvua zote za vuli kukua na huenda usitoe kile ulichotoa ule wa kwanza, kama anajua anaweza kusema acha siku yoyote. Mzee alijibu kila swali kwa sauti ya kanisani. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, na siku nikisema acha, umuulize kwanza huyu Leonida kama usiku nimelala.

"Na majimaji yaliyobaki kwenye friji?" Sauti ilitoka ukutani. Leonida alikuwa amegeuka.

"Ni machache," alisema Adventina. "Tukikupa kidogo kidogo huenda yakakufikisha. Huenda yasikufikishe. Sijui, dada. Nitakuwa nakuja kukwambia kila asubuhi ninachokijua."

Leonida alimtazama kwa makini, kama fundi anayeitazama nguo iliyoshonwa na mtu mwingine.

"Njoo na kigoda," alisema. "Nawe Ta Novatus, safari hii usinilalie mchana."

Adventina alinyoosha mkono kuchukua kile chombo cha kuonesha ini lilipo. Profesa alikisogeza mbali kwa kidole kimoja.

"Mkono kwanza."

Adventina aliweka vidole upande wa kulia wa tumbo la mzee, akaanza kutafuta. Ta Novatus alikunja uso. Ndipo Profesa Kemilembe akaweka mkono wake, wenye mishipa na madoa ya uzee, juu ya mkono ule wa haraka.

"Usilifuate," alisema. "Tuliza. Mwache avute pumzi."

Ta Novatus alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mwalimu wa kwaya, ya kutosha ubeti mzima. Uso wa Adventina ukabadilika, midomo ikaachana.

"Limekuja," alinong'ona. Kisha, akimtazama mzee usoni, "Asante, Ta."

Profesa akaondoa mkono wake.